Fundi Anajibu: Gari Langu Halikai Safi Majira ya Baridi

Barua za mwezi huu zimetoka mbali, mbili Marekani na moja Dar es Salaam, lakini zote zinauliza jambo moja: uchafu unaolipata gari linapoendeshwa kwenye theluji, chumvi na matope.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mhudumu wa wazee majumbani katika jimbo la Vermont, Marekani. Ninaishi Winooski, na kila siku ninapita barabara kuu ya I-89 hadi Richmond, kisha ninaingia barabara za udongo za kuelekea Huntington, ambako wazee wangu wanaishi. Gari langu ni dogo, la milango mitano, na tangu Desemba halijalala safi hata siku moja. Januari lilikuwa na utando mweupe kama lililopakwa unga. Sasa ni Machi, limekuwa la kahawia hadi kwenye vioo, na kioo cha nyuma hakionyeshi kitu. Wiki iliyopita usukani ulianza kutetemeka nikiwa kwenye maili 55 kwa saa. Gereji moja ikanitoza fedha ya kusawazisha magurudumu, na siku mbili baadaye ukatetemeka tena. Mume wangu ananiambia niache kuosha hadi Mei, kwa kuwa litachafuka tena kesho yake. Je, anasema kweli? Na kwa nini tope la huku si kama la masika kwetu Kigoma?
Mhudumu wa wazee, Winooski

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nitaanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo linalobeba mengine.

Kigoma mvua ikinyesha, maji huteremka ardhini au hukimbilia mtaroni, na jua la siku mbili hutosha kuikausha barabara. Vermont ardhi huwa imeganda tangu mwanzo wa majira ya baridi, na chini ya barabara inayokwanguliwa theluji mgando huo waweza kushuka zaidi ya mita 1, kwa kuwa barabara imevuliwa lile blanketi la theluji ambalo lingeikinga na baridi. Tena, udongo laini unapoganda hufyonza maji kutoka chini, yakajikusanya kuwa tabaka nyembamba za barafu ndani ya barabara yenyewe, na kwa kuwa maji yakiganda hutanuka kwa asilimia 9 hivi, barabara hujiinua na kupasuka. Machi inapofika, jua huyeyusha sentimita chache za juu kwanza. Maji hayo hayana pa kwenda, maana chini yake bado kuna sakafu ya barafu, na barabara nzima inakuwa kama uji uliomiminwa kwenye sinia. Hali hiyo huendelea kwa wiki kadhaa, hadi mgando wa chini nao uyeyuke na maji yapate njia ya kuteremka. Wenyeji wanauita msimu wa matope na kuuhesabu kuwa msimu wa tano wa mwaka, na kwa kuwa zaidi ya nusu ya barabara za jimbo hilo hazina lami, si kero ya watu wachache.

Hilo ni tope. Ule unga mweupe wa Januari ni kitu kingine, nao ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kwenye I-89 wanamwaga chumvi ili kuizuia theluji isigeuke barafu. Chumvi ya kawaida hushusha kiwango cha kuganda cha maji, ingawa baridi ikipita nyuzi 9 hivi chini ya sifuri nguvu yake hupungua sana, na hapo katika sehemu nyingi huongezewa kloridi ya kalisi au ya magnesi. Chumvi hizi mbili zina tabia ya kuvuta unyevu wa hewa, kama chumvi ya mawe inavyolowa ndani ya kopo siku za mvua, kwa hiyo hata siku kavu utando ulio chini ya gari lako unabaki na unyevunyevu. Kwenye barabara za udongo wanamwaga zaidi mchanga, kwa kuwa chumvi ingeuyeyusha uso wa barabara na kuuharibu. Watu wengi wanaoishi kwenye barabara hizo hujiambia kwamba huko chumvi haiwapati. Wewe, dada yangu, unapita kote kuwili: asubuhi unaibeba chumvi ya barabara kuu, kisha unakwenda kuifunika kwa tope, na tope hilo linaishikilia chumvi kwenye chuma kama kitambaa kilicholoweshwa na kufungwa juu ya kidonda.

Jinsi uchafu unavyopanda hadi juu ya vioo ni jambo la kuvutia ukilitazama vizuri. Gurudumu likizunguka, tope lililoshikwa kwenye mifereji ya tairi huachia na kuruka kufuata mkondo wa mzunguko. Sehemu kubwa hugonga ndani ya madigadi, nyingine hurushwa ubavuni chini ya milango, na ile nyepesi kabisa hugeuka rasharasha inayosafiri na upepo wa gari. Gari la milango mitano limekatwa wima kwa nyuma, na linapokwenda huacha pengo la hewa nyuma yake. Hewa ya pembeni na ya chini huingia kujaza pengo hilo kwa kuzunguka, ikibeba rasharasha hiyo hadi kwenye kioo, kwenye kamera na kwenye taa. Ndiyo maana magari ya umbo hilo hutengenezwa na waipa ya nyuma, wakati magari yenye buti lililochomoza mara nyingi hayana. Rasharasha ikikauka, maji huondoka, udongo laini na chumvi hubaki, na safari inayofuata huongeza tabaka jingine.

Sasa usukani. Gereji hiyo inawezekana ilifanya kazi yake sawasawa, lakini bila kuuliza gari lilikotoka. Siku nikifanya kazi Vermont, kila Machi tulipokea magari ya namna hii mfululizo, na kitu cha kwanza tulichofanya kilikuwa kulipandisha gari na kuchungulia upande wa ndani wa rimu, ule usioonekana ukisimama nje. Tope huingia humo, usiku huganda kama saruji, na kwa kawaida hujikusanya upande mmoja kwa sababu gari limesimama. Magurudumu husawazishwa kwa vipande vya uzito wa gramu chache tu. Fikiria basi donge la robo kilo limeng'ang'ania upande mmoja wa rimu. Kwenye mwendo wa polepole husikii kitu, ila ukifika maili 50 au 55 usukani unacheza mikononi. Kabla ya kulipa tena, chukua kijiti cha mti au cha plastiki, kwangua ndani ya rimu zote nne, osha kwa maji ya presha, kisha jaribu barabarani. Ukiendelea kutetemeka baada ya hapo ndipo urudi kwa fundi.

Na mumeo? Kwa upande wa milango na rangi ya nje ana hoja, na sitaki kuwagombanisha. Tope lililokauka mlangoni halidhuru sana likiachwa wiki moja, na kwa kweli linadhuru zaidi likifutwa vibaya, maana mchanga wa barabarani ni mgumu kuliko rangi ya gari. Ukiufuta mkavu kwa kitambaa, au ukilipitisha gari kwenye brashi za mashine kabla ya kulimwagia maji ya kutosha, unaisugua rangi kwa msasa. Pale anapokosea ni kudhani kwamba uchafu wa kuoshwa ni ule anaouona. Unaokula gari uko chini: kwenye mishono ya bodi, juu ya mikono ya magurudumu, kwenye mabomba membamba ya breki, na hasa ndani ya madigadi, nyuma ya ile plastiki inayofunika. Niliwahi kufungua plastiki hiyo kwenye gari dogo la mwalimu mmoja, lililokuwa linang'aa nje kama sahani, nikatoa udongo mbichi ulioijaza ndoo ya lita 10, na ndani yake mlikuwa na majani yaliyoanza kuoza. Chuma kilichokuwa nyuma ya udongo huo kilipitika kwa kidole.

Kwa hiyo mimi ningekushauri hivi. Tangu chumvi inapoanza kumwagwa hadi mvua za Aprili zitakapoisafisha barabara, osha chini ya gari kila baada ya siku 10 hadi 14, hata kama juu utaliacha lilivyo. Nenda kwenye vibanda vya kujihudumia vyenye bomba la presha, siku ambayo joto limepanda juu ya sifuri, na ikiwezekana mchana ili gari lipate saa kadhaa za kukauka kabla ya baridi ya usiku. Anza na magurudumu na ndani ya madigadi, ingiza bomba chini ya milango kwa pembe mbalimbali mpaka maji yanayotiririka yaache kuwa ya kahawia, kisha ndipo upande juu. Usilisogeze bomba karibu sana na rejeta, sensa au mipira ya milango. Umbali wa sentimita 30 unatosha. Kagua pia vitundu vidogo vilivyo chini ya milango, ambavyo kazi yake ni kutoa maji. Vikizibwa na tope, maji ya chumvi hukaa ndani ya mlango, na kutu huanza ndani kwa ndani bila wewe kujua.

Kama jengo lenu lina maegesho yenye joto chini, usifurahie haraka. Gari likiingizwa mle likiwa limejaa theluji ya chumvi, chumvi huyeyuka na kufanya kazi kwa bidii zaidi kuliko ingefanya nje kwenye baridi kali, kwa kuwa kutu huenda kasi joto linapopanda. Lioshe kwanza, ndipo lilale kwenye joto.

Kuhusu vioo na taa, hapo hakuna kusubiri wiki mbili. Beba kitambaa na chupa ya maji ya waipa ya majira ya baridi, yale yasiyoganda hadi nyuzi 29 chini ya sifuri, ufute taa zote, kamera na namba ya gari kila unapotoka nyumba ya mzee mmoja kwenda kwa mwingine. Taa za kisasa za LED hazitoi joto la mbele la kuyeyusha theluji kama zile za zamani, hivyo uchafu hukaa juu yake safari nzima. Maji hayo mengi yana methanoli, ambayo ni sumu, kwa hiyo chupa isikae mahali watoto wanapofikia. Na ukiweza kupanga ratiba, wazee walioko ndani kabisa ya barabara za udongo watembelee kabla ya saa 3 asubuhi, wakati tope bado limeshikwa na baridi ya usiku na barabara ingali ngumu. Kufikia saa 8 mchana barabara hiyohiyo itakumeza hadi kwenye bampa.

SWALI: Niliosha gari jioni baada ya wiki nzima ya theluji chafu. Asubuhi milango yote minne ilikuwa imeganda, nikavuta mpini wa mlango wa dereva hadi ukavunjika. Je, niache kuosha majira ya baridi?
Msomaji, Brooklyn Park, Minnesota

JIBU: Pole sana. Kosa lilikuwa saa, ndugu yangu. Kuosha kwenyewe hakukuwa na tatizo. Maji yaliingia kati ya mpira na fremu ya mlango, na usiku wa Minnesota ukayafanya gundi. Ukimaliza kuosha, fungua kila mlango pamoja na buti, kausha mipira na fremu kwa kitambaa, kisha pitisha silikoni kidogo juu ya mipira. Mara mbili au tatu kwa msimu zinatosha, na mpira wenyewe utadumu zaidi. Halafu endesha gari dakika kumi, ukikanyaga breki polepole mara kadhaa ili diski zikauke, na unapoegesha gari la otomatiki mahali tambarare usivute handibreki usiku huo, kwa kuwa waya wake ukilowa unaweza kuganda.

Mlango ukiwa umekwisha ganda, usivute. Usukume kwa bega kuelekea ndani ili barafu ipasuke, au jaribu mlango wa upande mwingine uliopigwa na jua. Maji ya moto usiyamwage kamwe: kioo kitapasuka, na maji hayo yataganda upya kabla hujamaliza kujilaumu.

SWALI: Fundi, nimeagiza gari la mtumba kutoka Japani. Juu linavutia, halina hata mkwaruzo, lakini fundi wangu alipolipandisha alikuta kutu ya rangi ya chungwa chini yote, akaniambia, “Hili ni gari la theluji.” Je, kweli theluji inaleta kutu? Ningejuaje kabla ya kununua? Na jirani ananishauri nipake oili chafu chini ili kuizuia isiendelee.
Mnunuzi, Kinondoni, Dar es Salaam

JIBU: Theluji yenyewe ni maji tu. Kinacholeta kutu ni kile kinachomwagwa juu yake, kama nilivyomweleza dada yetu wa Winooski. Japani ina maeneo ya theluji nzito, Hokkaido yote, na kwenye kisiwa kikuu mikoa kama Aomori, Akita na Niigata, na gari lililozunguka huko misimu mitano au sita linaweza kuwa na chini iliyochoka kuliko gari la umri huohuo lililokaa Osaka.

Kuna kisa nyuma ya chumvi hiyo ambacho wanunuzi wengi hawakijui. Zamani madereva wa Sapporo na Sendai walitumia tairi zenye misumari, na misumari hiyo ikawa inaisaga lami. Theluji ikiyeyuka, mji mzima ukawa unavuta vumbi la barabara. Mwaka 1990 Japani ikapitisha sheria ya kuzuia vumbi hilo, na tairi za misumari zikatoweka kwenye magari ya kawaida. Lakini tairi laini zilizochukua nafasi yake huikandamiza theluji na kuisugua mpaka inakuwa barafu inayoteleza kama kioo, hasa kwenye njia panda, hivyo dawa za kuyeyusha barafu zikaongezwa barabarani. Hewa ikawa safi, na mzigo wa uchafu ukahamia chini ya magari.

Kabla ya kununua, dai karatasi ya mnada yenyewe, wala usiridhike na picha. Kwenye karatasi hizo wakaguzi huandika S penye kutu na C penye chuma kilichoanza kulika, na kwenye maelezo ya mkaguzi mwombe mtu anayesoma Kijapani akutafutie maneno yanayosomeka “shita mawari sabi”, yaani kutu sehemu ya chini. Tazama pia cheti cha kusafirishia gari nje, kwa kuwa namba ya zamani ya usajili hubeba jina la eneo: ukiona Sapporo, Asahikawa au Aomori, omba picha za chini kabla ya kutuma fedha. Gari lililoandikwa kuwa limetengenezwa kwa ajili ya maeneo ya baridi si lazima liwe na kutu, maana hayo ni maelezo ya vifaa kama betri kubwa na vipasha joto, ila ni sababu nyingine ya kuuliza. Na chini kukiwa kumepakwa rangi nyeusi mpya inayong'aa kwenye gari la miaka kumi na mbili, shuku kwanza, shukuru baadaye.

Gari lako limekwisha fika, kwa hiyo tulishughulikie. Mwambie fundi achukue bisibisi na nyundo ndogo, agonge kila sehemu yenye kutu: chasisi kwenye mishono, sehemu zinazobeba springi na shokapu, na sakafu chini ya miguu ya dereva. Chuma kikitoa mlio mkali na kutu ikidondoka kama unga tu, ni kutu ya juu, inatibika. Kikitoa mlio mfu, na magamba yakabanduka kama ukoko wa sufuria, hapo pameliwa, na panahitaji kukatwa na kuchomelewa chuma kipya. Mabomba ya breki yachunguzwe peke yake, kwa kupangusa urefu wote kwa kitambaa. Yakiwa na vivimbe au mashimo, badilisha yote bila kujadiliana bei, kwa kuwa bomba hupasuka siku unapokanyaga breki kwa nguvu.

Chumvi iliyobaki kwenye mishono itaendelea kufanya kazi hapa Dar es Salaam, tena kwa kasi, kwa sababu joto na unyevu wa pwani vinaisaidia. Osha chini kwa maji baridi ya presha mara tatu au nne katika wiki mbili za kwanza, ukiacha gari likauke kabisa juani kila mara. Kisha kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, ipakwe rangi ya kuzuia kutu, na ndani ya mishono ipulizwe nta au grisi nyepesi inayopenya. Usikubali kupakiwa mpira mzito juu ya kutu ambayo haijakwanguliwa, kwa kuwa unyevu utafungiwa chini yake na hutaona kinachoendelea.

Oili chafu ya jirani yako ina asidi zilizotokana na kuungua kwa mafuta, inalainisha na kuvimbisha bushi za mpira na mipira ya kufunika ekseli, na ikidondokea kwenye diski breki zitateleza. Tena vumbi la kwetu hunata juu yake, na baada ya mwezi mmoja wa barabara za mtaani utakuwa na tabaka nene la tope la mafuta, ambalo fundi atalazimika kulikwangua lote kabla hajaona kama bomba la breki lililo chini yake bado ni zima.